Mpishi Aliyewaonjesha Mmoja Mmoja

Katika harusi zote nilizofanya kazi chini yake, sikuwahi kumwona Mpishi akiwauliza watu wawili kwa pamoja kama chumvi imekolea. Mchuzi ukikaribia kuiva, aliuteka kidogo kwa upawa, akautia kibakulini, akaondoka nao nyuma ya ua wa makuti. Kisha akaita. Aliyeitwa kwanza alikuwa mdogo kuliko wote, yule aliyekuja kuosha vyombo. Baada yake akaitwa aliyemzidi umri, kisha aliyemzidi huyo, mpaka tukafikiwa sisi watu wazima, na mwisho kabisa mwenye harusi. Kila mmoja alionja, akasema lake kwa sauti ya chini, akarudi kwa upande wa pili bila kupita mbele ya wenzake. Kukunja uso au kutikisa kichwa njiani kulikatazwa kabisa.

Wageni walidhani ni uganga. Wenyeji walidhani ni kiburi. Mimi nilimmenyea vitunguu kwa muda mrefu kabla ya kumwuliza, kwa kuwa sipendi mtu anayeuliza jambo kabla ya kulitazama. Siku nilipomwuliza, alikuwa akisugua sufuria kwa majivu, na hakuinua kichwa.

"Mdogo wangu, wewe ukitangulia kusema chumvi haitoshi, nani nyuma yako atasema imezidi?"

"Mwenye ulimi wake," nikamjibu.

"Ulimi anao. Lakini umekwisha kuushika wewe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya pili, na nadhani aliipenda kuliko upishi. Alitaka kujua kwa nini watu wazima, wenye akili timamu, wakikaa pamoja husema neno ambalo hakuna hata mmoja wao angelisema akiwa peke yake. Hakuuliza kwa hasira wala kwa kebehi. Aliuliza kama mtu aulizavyo kwa nini tui hukatika ukilichemsha bila kulikoroga.

Asili yake na ukoo wake nauacha. Waliomjua wanaujua, na wasiomjua hautawafaa kitu. Yatosha kusema kwamba aliishi Kisauni, kwamba alikuwa mfupi na mpana, na kwamba alinuka bizari hata siku ya Idi. Hakupenda nyimbo jikoni. Alisema watu wakiimba pamoja hukoroga pamoja, na kila sufuria ina haja yake.

Sokoni Kongowea alikuwa na mchezo wake, ingawa mwenyewe asingekubali uitwe mchezo. Alitafuta muuzaji aliyekaa bila mteja, akasimama mbele ya fungu la vitunguu, akachukua kimoja, akakinusa, akakigeuza, akakinusa tena. Hakusema neno. Haukupita muda, mwanamke mmoja akasimama kando yake, kisha wa pili, kisha wenye mikokoteni wakaanza kupiga kelele wapishwe njia.

"Bi mkubwa, vitunguu hivi ni vizuri?" mmoja akamwuliza siku moja.

"Sijui. Ndiyo kwanza navinusa."

Yule mwanamke akanunua gunia zima. Mpishi hakununua hata kimoja, maana vilikuwa vimeanza kulainika. Kijana mwenye fungu, mtu wa bara, alikuwa amekwisha kumfahamu, na kila akimwona alimwita bibi kwa lugha yao ya kule.

"Shosh, leo simama kwangu kidogo, biashara ni ngumu."

"Leo nasimama kwa jirani yako," akamwambia. "Nataka nione kama watakuhama."

Wakamhama. Kijana akacheka mpaka akakaa chini, na Mpishi akanitazama kwa uso wa mtu aliyeokota kitu njiani na hajui bado ni cha nani.

Safari nyingine tulikuwa tukivuka kwenda kupika Likoni. Pale kwenye mteremko wa feri, mtu mmoja mbele akaanza kukimbia, na mara umati wote ukakimbia, akina mama na vikapu, vijana na baiskeli. Mpishi akamshika kanzu mzee mmoja mnene aliyekuwa akihema.

"Wakimbilia nini, kaka?"

"Feri itatuacha."

"Feri ipi? Ile pale bado iko katikati ya maji."

Mzee akatazama, akaiona. Akasimama, akafuta jasho. Kisha watu wawili wakampita mbio, naye akashikwa na wasiwasi. "Lakini mbona wenzangu wanakimbia?" akasema, akakimbia tena.

Mpishi akaniambia, "Umeona? Macho yake yameona maji. Miguu imeona watu."

Mtu angedhani kwamba mwanamke wa namna hiyo hakufuata kitu chochote cha wenzake. La. Ikitangazwa sare ya harusi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua kitambaa, na wa kwanza kushonesha dera lake, hata rangi iwe ya kuumiza macho. Mwaka mmoja sare ilikuwa ya kijani cha limau, na sisi sote tukafanana na shamba la mpunga. Nikamwuliza aliwezaje kuvaa kitu asichokipenda, yeye anayetaka kila mtu aseme lake.

"Chumvi ni ya ulimi wangu," akasema, "lakini nguo ni ya wenzangu. Nikikataa nguo, na kesho nikakataa kuimba, na keshokutwa nikakataa kukaa mkekani, siku nitakapokuwa na neno la kukataa kweli hawatanisikia. Watasema, hiyo ndiyo tabia yake."

Tena, yeye aliyesikiliza ulimi wa kila mtu hakuvumilia ubishi mbele ya moto. Ukikwisha kuonja, umekwisha. Amri ilikuwa yake peke yake, na aliyebisha alipewa jivu la kuzoa. Palikuwa na mwanamke wa Mishomoroni aliyejisifu kwamba hamfuati mtu. Wote wakisema imeiva, yeye husema mbichi. Wote wakisema mbichi, yeye husema imeungua. Mpishi alimwita kuonja mara chache, kisha akaacha.

"Kwa nini humwiti tena?" nikamwuliza. "Si ndiye asemaye lake?"

"Huyo naye anawafuata," akasema. "Ila anawafuata kinyumenyume."

Sasa nafika kwa Kadzo, kwa kuwa bila Kadzo habari za Mpishi haziwezi kukamilika.

Kadzo alikuwa mwanamke mdogo kutoka upande wa Kaloleni, Mkristo, mwenye mtoto na asiye na mume, aliyepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Mpishi alimkuta akibeba mizigo pale Kongowea, akaona mikono yake, akamwambia mikono ile ni ya nazi. Tangu siku hiyo Kadzo akawa mkunaji wetu. Alikaa juu ya mbuzi yake ya kukunia tangu jua likichomoza, akakuna, akakamua kwa kifumbu, na tui lake lilikuwa zito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi. Alikuwa na maneno machache na shukrani nyingi.

Ikaja harusi moja kubwa hapo Kisauni. Shangazi wa bwana harusi ndiye aliyesimamia kila kitu, mwanamke mwenye heshima na sauti, na hapakuwa na mlango wa mtaa ule ambao haukumfungukia. Kabla ya adhuhuri akaingia uani kutukagua. Akaliinamia beseni la tui, akainuka polepole.

"Tui hili lanuka mafuta ya taa," akasema.

Kisha mwanamke mmoja akasema, "Wallahi, hata mimi nilihisi tangu mapema." Mwingine akajifunika pua kwa leso. Mwingine akasema, "Ni mikono hiyo. Mtu apikia stovu ndani ya chumba anacholala, harufu itakwenda wapi?"

Nami niliinama nikanusa. Nitalieleza jambo hili kama lilivyokuwa, wala mjukuu wangu anayeandika asilirembe. Pua yangu ilisikia mafuta ya taa. Sikumwogopa shangazi yule, wala sikuwa na haja ya kumpendeza. Niliyasikia kama ninavyosikia sasa harufu ya udi wa jirani. Hilo limenishangaza mpaka leo kuliko yote nitakayoyasimulia.

Kadzo akasimama, akanyoosha mikono yake mbele yetu. "Mama zangu, nimeiosha na ndimu. Inuseni."

Hakuna aliyeishika.

"Mpishi, mwondoe mtu wako," shangazi akasema. "Na tui limwagwe."

"Mimi sisikii harufu."

"Utasikiaje, na wewe ndiwe uliyemleta?"

Wanawake wakacheka. Mpishi hakucheka. Alijua, na sisi tulijua, kwamba mkunaji akifukuzwa kwenye ua mmoja adhuhuri, alasiri hakuna ua mwingine utakaomwita, na kwamba nyuma ya Kadzo palikuwa na mtoto na magunia ya Kongowea, basi. Akateka tui kibakulini, akaenda nyuma ya makuti, akaanza kuita.

Zamu yangu ilipofika, alinisogezea kibakuli puani bila neno. Nikanusa. Ilikuwa nazi tupu. Nikanusa tena, nikiitafuta ile harufu kama mtu anayetafuta sindano aliyoiona sasa hivi. Haikuwapo.

"Nazi," nikamwambia.

"Nenda."

Baadaye sana ndipo aliponieleza kwamba karibu kila mmoja alimwambia vivyo hivyo, na karibu kila mmoja aliongeza maneno yaleyale: mimi sisikii kitu, ila wenzangu wanasikia. Lakini alikuwa na sharti lake, kwamba lililosemwa nyuma ya makuti ni amana na halitoki. Kwa hiyo alirudi katikati ya ua akiwa na ushahidi wote, asiweze kuutoa hata chembe.

"Asiyesikia harufu na aseme," akatwambia.

Tukanyamaza. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze, nami nikiwamo. Shangazi akakunja mikono. Kadzo akaanza kukunja leso yake, akaikunja mbuzi yake, akaitia kwapani.

Wakati huo akaja bibi mmoja aliyekuwa akichagua mchele huko mlangoni. Bibi huyu alikuwa kiziwi tangu utoto wake, na hakuwa na habari ya lolote lililopita. Alikuja kutaka tui la wali wake. Akachovya kidole, akakilamba, akateka kikombe kizima, akanywa nusu yake. Viziwi hawajui sauti zao zimefika wapi, na yake ilifika barabarani.

"Tui zuri," akasema. "Mbona mmelizunguka kama maiti?"

Yule aliyejifunika pua akashusha leso. "Kwa kweli," akasema, "hata mimi nilikuwa nataka kusema." Mwingine akasema huenda ilikuwa ni pikipiki iliyopita nje. Mwingine, aliyekuwa wa kwanza kuilaumu mikono, akasema yeye alisema stovu kwa jumla tu, hakumtaja mtu. Kabla chungu hakijachemka, ua mzima ulikuwa ukilisifu tui lile, na mmoja akathubutu kusema labda ni manukato ya shangazi yaliyomrudia mwenyewe. Shangazi alikuwa mtu wa akili. "Basi upepo umegeuka," akasema, akaenda kutazama mahema. Kadzo akaikunjua mbuzi yake, akakaa palepale, akaendelea kukuna bila kuinua uso.

Alasiri, tulipokuwa tukiosha masufuria, nikamwambia Mpishi, "Umeshinda, dada."

"Nimeshinda nini? Asubuhi walimfuata shangazi, adhuhuri wakamfuata kiziwi. Bahati yetu ni kwamba kiziwi ana ulimi mwema." Akamwaga maji, akafikiri. "Lakini nimepata jambo moja. Hawahitaji wengi wa kuwafungua midomo. Wahitaji mmoja tu. Nisilolijua ni nani atakuwa huyo mmoja siku nyingine."

Miaka ikapita, na Kadzo akapanda kutoka kwenye nazi hadi kwenye nyama, kutoka kwenye nyama hadi kwenye moto. Magoti ya Mpishi yakakataa, mwanawe akamchukua kwake Kiembeni, na masufuria yakabaki bila mwenyewe. Kwetu, anayekabidhiwa mwiko mkubwa ndiye mwenye jiko, na harusi zote za upande wetu humwendea yeye. Mwaka huu akina mama wakaanza kulizungumza jambo hilo katika kundi lao la simu. Mimi sikuingia darasa lolote, basi mjukuu wangu ndiye aliyenisomea. Shangazi yule, ambaye sasa ni mzee, alitangulia. Akamtaja Kadzo. Chini yake zikafuata: sawa, sawa, naam, sawa, na vidole gumba vingi.

Nikapanda tuktuk nikaenda Kiembeni kumpelekea habari njema. Nilimkuta kitandani, karibu na dirisha, amepungua sana, na mkwewe akimkanda miguu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kadzo amepewa mwiko."

"Nani alikataa?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Tena shangazi ndiye aliyeanza kumtaja."

Nilitazamia afurahi. Uso wake ukaingia kiza. Akamwomba mkwewe akatuletee chai, akangoja mpaka alipotoka.

"Basi hawajampa," akasema. "Wamemfuata shangazi. Siku shangazi atakaposikia harufu nyingine, watamtoa kwa kinywa hichohicho, na safari hii mimi sitakuwapo. Haya, wewe wasemaje? Tuko wawili."

Nikamwambia nilivyoona, kwa kuwa mbele ya mwanamke yule uongo haukufaa kamwe. Nikasema Kadzo ana mkono wa nazi usio na mfano, na biriani yake ni nzuri, lakini pilau yake huzidi bizari, ana haraka na moto, na sijamwona hata siku moja akimkataza mwenye harusi. Mimi nisingempa mwaka huu. Ningengoja.

Nikadhani nimemuumiza.

"Kamwambie," akasema. "Mbele yao wote, si nyuma ya makuti."

"Dada, nikisema mimi, watageuka wote. Uliwaona siku ile. Nitakuwa nimemwangusha kwa neno moja."

"Huenda. Nami nataka kujua."

Nilikasirika, na nilimwambia kwamba riziki ya mtu si jambo la kutaka kujua. Akanijibu kwamba riziki iliyoshikwa na uzi wa mtu mmoja haijashikwa. Tukanywa chai yetu, nikarudi nyumbani.

Ijumaa baada ya sala wanawake walikutana nyumbani kwa mmoja wao, Kisauni, kumkabidhi Kadzo mwiko. Nikaomba kusema, nikayasema yote, bizari, haraka, na kuogopa kumkataza mwenye harusi. Nikamtazama Kadzo wakati nikisema, kwa kuwa mtu akisemwa anastahili kutazamwa. Kisha lile nililoliogopa likaanza. "Kwa kweli hata mimi ile pilau ya mwezi uliopita," mmoja akasema. "Mimi nilikuwa nataka kusema," akasema mwingine.

Kadzo akasimama.

"Bizari ni kweli," akasema. "Nitaipunguza. Haraka pia ni kweli. Lakini bibi, kuogopa hapana. Ua mzima ulinifukuza mchana, na nyinyi wengi mlikuwapo, na nikakaa palepale nikawakunia nazi mkala. Mwoga angekwenda zake."

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka, na nadhani hilo ndilo lililotusaidia. Kila mmoja akalazimika kulitafuta jibu lake. Mmoja akasema yeye aipenda bizari nyingi. Mwingine akasema pilau ni pilau, lakini moto wa Kadzo uliwahi kuunguza wali wa binti yake na hajasahau. Shangazi akataka tumalize. Mtu akamwambia, kwa adabu, angoje. Wakabishana mpaka alasiri, kwa sauti nyingi na hasira kidogo, na wengine wakabadili neno, na wengine wakashikilia. Walipohesabiana, wengi walimtaka Kadzo, na baadhi hawakumtaka. Mwiko akapewa.

Nilirudi Kiembeni siku iliyofuata. Hakuweza tena kuketi. Nikainama karibu na sikio lake nikamweleza yote, na neno la Kadzo nikalirudia mara mbili kwa kuwa alitaka kulisikia tena.

"Waliokataa wamebaki?" akauliza.

"Wamebaki. Mmoja amesema atakuja kuonja kila harusi, na atasema."

"Na wewe?"

"Mimi bado nasema angengoja."

Alifumba macho, na kwa muda mrefu akakishika kidole changu kama anavyoshika mtoto.

"Sasa amepewa," akasema.